Madebe Arobaini ya Maji Matamu

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru, ni nzuri, inagonga mpaka paka wangu amehama. Lakini mtu aliyeishi miaka yote hii kwa maji kupwa na maji kujaa, saa ya nini? Basi nimeitundika, nami nimekaa chini yake niandike mlichoniomba. Mlisema, "Bibi, tuandikie kazi ilivyoanza, sisi tumekuta vitu vimeshawekwa kwenye makabati." Haya. Kalamu nimeishika ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa tayari na wajukuu wawili. Leo ninao tisa, wote wana akili, na hilo sijifichi kulisema. Herufi zangu zimesimama mbalimbali kama watu waliogombana. Msome hivyo hivyo.

Vyeo na mishahara sitaandika. Faili langu liko ofisini, ni jembamba, mtalimaliza mkiwa mmesimama. Mimi nitaandika habari ya ubao ule ulio chumba cha mwisho, ule mrefu wenye matundu, ambao kila mgeni akija Bagamoyo mnampeleka auone na mnamwambia "usiguse". Mnajua ulitoka baharini. Hamjui kwamba nilikaribia kuuua, na kwamba mwenzake nilimuua kweli.

Kabla ya ofisi mimi nilikuwa mtu wa makumbi. Kwa ninyi mliokulia bara: nyuzi za usumba hazitoki kwenye kumbi la nazi kwa kubembelezwa. Unachimba shimo pwani, pale maji yanapofika na kuondoka, unafukia makumbi, unayakandamiza kwa mawe, unayaacha miezi yaoze. Ukiyafukua yananuka mpaka mume anahamishia kitanda barazani. Wangu alihama moja kwa moja. Kisha unayaponda kwa rungu, unaosha usumba, unaanika, unasokota kamba. Tulikuwa wanawake kumi na kitu, na mkubwa wetu Bi Kirembo, mwanamke mfupi mwenye mikono kama ya mwanamume na ulimi mkali kuliko wa kila mtu. Yeye ndiye aliyenifundisha kusokota. Ukikosea anakwambia, "Kamba hii haimfungi hata mbuzi aliyekata tamaa."

Mwaka wa tatu au wa nne baada ya uhuru, siku ya bamvua, maji yalipwa mbali sana. Nikaingiwa na tamaa, nikachimba shimo langu mbele kuliko wenzangu. Jembe likagonga mti. Nikafukua kwa mikono, nikatoa ubao mweusi, urefu wa mtu, una matundu kwenye ukingo yamepangwa kama ya mshono wa kofia.

Bi Kirembo akautazama. "Ubao wa mtepe huo. Vyombo vya kushonwa kwa kamba. Bibi yangu aliviona, mimi sikuviwahi."

"Unafaa kichanja cha vyungu," nikasema.

"Unafaa. Uoshe kwanza, unanuka kama wewe."

Nikaubeba. Nikausugua kwa mchanga na kumbi mpaka ukang'aa. Nikauanika uani kwenye jua la saa sita, kama mwanamke yeyote mwenye adabu ya nyumba. Kitu kimelowa, kianike: hivyo ndivyo nilivyolelewa. Siku ya pili umeanza kujikunja. Siku ya tatu umesinyaa na kupasukapasuka kama makopa ya muhogo, ukiugusa unamomonyoka. Nikasema, mti mbovu huu. Nikaupasua kuni.

Ndipo akaja Bwana Lukindo. Alikuwa kijana wa Pangani, msomi, suruali imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia mkate. Alikuwa ametumwa kuja kufungua ofisi ya vitu vya kale vya pwani, na ofisi yenyewe wakati ule ilikuwa chumba kimoja na ua nyuma yake.

"Hodi hapa."

"Karibu, bwana."

"Mama, nimesikia pwani kwamba umeokota ubao wenye matundu."

"Nimeuokota. Umechelewa, tumeshaupikia kunde."

Akatazama jikoni. Vilikuwa vimebaki vipande vichache kando ya mafiga. Akakaa chini, juu ya majivu, na suruali yake ile. Akashika kipande kimoja kwa mikono miwili.

"Unajua umepikia nini kunde zako?"

"Kuni."

"Mama yangu, hiki ni chombo kisicho na msumari hata mmoja. Watu wanakisoma vitabuni. Mimi mwenyewe nimekisoma nchi za watu, kwenye picha ya kuchorwa. Hakuna aliyekishika."

"Mimi nimekishika," nikasema. "Hakiivishi kunde."

Nilidhani atanitukana. Akacheka, lakini macho yalikuwa yamelowa, nami nikaona aibu ambayo sikujua ni ya nini hasa. Akauliza kama kuna mwingine. Nikamwambia shimo lipo, kushoto wala kulia sijachimba. Akasema, "Basi kuanzia kesho usichimbe peke yako. Njoo ofisini." Nikaajiriwa hivyo. Kazi yenyewe iliandikwa mfagizi. Mfagizi wa ua usio na sakafu.

Mwalimu wangu kazini hakuwa Bwana Lukindo, alikuwa Mzee Hamadi. Huyu alikuwa mpiga mbizi, ujanani alizamia majongoo ya bahari mpaka masikio yakafa, ikawa unamsalimia shikamoo mara tatu ndipo aitike marahaba moja. Alizamia mkondo ulio mbele ya shimo langu, bila chombo cha kupumulia, na jiwe mkononi la kumshusha. Akatoka, akafuta pua, akasema, "Kipo. Kimelala ubavu kama mgonjwa. Mbavu zake nimezipapasa." Bwana Lukindo alitaka kuruka kwa furaha, kisha akafanya jambo ambalo namheshimu nalo mpaka leo: akaamua chombo kibaki palepale kilipo, kifunikwe mchanga na magunia, kwa kuwa hatukuwa na pa kukiweka. Tukachukua ubao mmoja tu, uliokuwa umeng'oka wenyewe.

Kuutoa kulituchukua siku mbili za bamvua. Mzee Hamadi alikataza chuma chochote. Tulichimba kwa vifuu na mwiko wa mti. Nilipotaka kuufuta tope akanipiga kofi mkononi.

"Kitu cha baharini ni mzazi," akasema. "Mzazi humtoi nje kabla ya arobaini yake. Wewe ulimtoa yule wa kwanza juani siku ileile, ukamwosha kwa mchanga. Unastaajabu nini kufa?"

Basi tukaufunga ubao na tope lake katika magunia yaliyolowa, tukauleta uani. Mzee Hamadi alikuwa na dau bovu. Akalikalafati nyufa zake upya kwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa, likajazwa maji ndani, ubao ukalazwa humo. Watu walikuja kucheka. Chombo kilichoishi kikiyakimbia maji sasa kimejazwa maji, na ndani yake kimewekwa chombo kingine! Bi Kirembo alisema serikali mpya ina mambo.

Bwana Lukindo akanieleza kazi polepole, maana alikuwa na adabu. Ubao umelala baharini, umeshiba chumvi. Ukikauka na chumvi yake, chumvi inavimba ndani na kuupasua. Kwa hiyo chumvi itolewe kwanza, kwa kuulaza ndani ya maji matamu na kuyabadilisha kila wiki mpaka itoke yote. Ikishatoka, ndipo iletwe nta ya dawa kutoka ng'ambo, iingie mahali pa maji, na hapo mti unaweza kukauka usife.

"Dau linachukua madebe arobaini," akasema. "Maji yawe yaleyale unayokunywa wewe, Mama Zena. Usimpe mabaya kuliko yako."

"Ndiyo, bwana," nikasema.

Hapa sasa nasema kweli. Nyuma ya ofisi palikuwa na kisima, hatua ishirini, maji yake yana chumvichumvi, ya kuoshea vyombo na miguu. Kisima cha maji matamu kilikuwa njia ya mashambani, mwendo wa kumaliza uradi wote na kuurudia, na kiangazi foleni yake inakaa toka alfajiri. Nina watoto watatu, mume kahama. Madebe arobaini kichwani, kila wiki, nikaumwagie mti? Na si uvivu tu, mwanzo wake ulikuwa dini. Nimefundishwa tangu mtoto kwamba maji ya kunywa kuyamwaga ni israfu, na Mungu hawapendi wenye israfu. Nikajiambia, huyu msomi anatafuta chumvi ya bahari. Chumvi ya kisima ni nyingine, ni ya kwetu, haina neno. Nikachota hatua ishirini. Miezi saba.

Kupima kulifanywa na Bwana Lukindo mwenyewe. Alikuwa na kichupa cha rangi ya kahawia, amekifunga kitambaa cheusi kisione mwanga. Anachota maji ya dau kwenye bilauri, anadondosha matone mawili. Pakiwa na chumvi maji yanageuka meupe kama tui, pasipo na chumvi yanabaki angavu. Wiki ya kwanza, tui. Tukafurahi, chumvi inatoka. Mwezi wa pili, tui. Wa nne, tui. Wa sita Bwana Lukindo alikuwa ameacha kufurahi, anadondosha matone huku kageuza uso, kama mtu anayefungua barua ya msiba.

Akaja bwana mkubwa kutoka Dar es Salaam, jina lake nimelisahau kwa makusudi. Akatazama bilauri, akatazama kichupa, kimebaki chini ya robo. Akasema, "Lukindo, mti huu haukomi chumvi. Siwezi kuombea nta mti usiopona. Nitarudi baada ya Idi. Nikikuta maji bado ni meupe, kata kipande cha kumbukumbu uweke kabatini, uliobaki rudisheni baharini. Na dau mpeni mwenyewe." Mzee Hamadi hakusikia neno, lakini aliona uso wa Bwana Lukindo, akavua kofia.

Siku iliyofuata nilikuwa nimechota debe, nimelitua kando ya dau. Bwana Lukindo kaenda posta. Kichupa kipo mezani. Sijui nilitaka nini, labda kuona tu mara ya mwisho uchawi ule. Nikachota maji ya debe, ambayo hayajagusa ubao, nikadondosha matone mawili.

Tui. Jeupe pe.

Nikaketi palepale chini. Nikaelewa yote kwa mara moja, na kuelewa kwenyewe kuliuma. Chumvi ni chumvi. Haina kwao. Ubao ulikuwa umekwisha kutoa ya kwake labda zamani, na mimi kila wiki naurudishia nyingine kwa mikono yangu, madebe arobaini, huku yule kijana anakonda. Wa kwanza niliuua kwa ujinga, na ujinga una udhuru. Huu nilikuwa nauua huku nimeambiwa.

Nikamwendea Mzee Hamadi, nikamwambia kwa kupiga kelele sikioni mwake, mtaa mzima ukasikia.

"Umempa mgonjwa kidonda kwa kijiko," akasema.

"Nitafukuzwa, babu. Nikinyamaza ubao utatupwa, lakini mimi nitabaki."

"Utabaki ufagie nini? Dau langu tupu?" Akanitazama. "Watoto wako wanakula kwa kazi hii, najua. Mimi siwezi kukwambia sema. Nakwambia hivi: bilauri ile imeshasema. Sasa ni wewe tu na yeye Lukindo, nani ataisikiliza kwanza."

Nilimngoja mlangoni. Alivyorudi kutoka posta sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu. "Bwana Lukindo, maji si yale ninayokunywa. Ni ya kisima hiki cha nyuma. Tangu siku ya kwanza. Nimepima kwa dawa yako bila ruhusa, debe lenyewe ni tui."

Alivua kiatu kimoja, akabaki amekishika. Kunguru wa minazini niliwasikia wote.

"Miezi saba," akasema.

"Saba."

"Kwa nini, mama?"

"Niliona israfu. Na ni mbali. Yote mawili, sijui lipi lilitangulia."

Akaingia ndani, akatoka na bilauri, akachota debe, akadondosha matone yeye mwenyewe. Akatazama tui lile. Kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyechoka. "Nimesomeshwa miaka minne," akasema, "na sikuwahi kupima kisima. Nilipima ubao tu. Mama Zena, wewe ulinidanganya, na mimi nilikuwa mjinga. Nikikufukuza itabidi nijifukuze na mimi, na funguo atabaki nazo Mzee Hamadi, ambaye akigongewa mlango hasikii." Kisha akasema kwa sauti nyingine, ya kazi: "Zimebaki siku thelathini na tano hivi mpaka baada ya Idi. Maji tubadilishe kila siku ya tatu. Maji matamu. Hesabu madebe."

Nikahesabu. Sikuweza peke yangu hata kama ningekuwa punda.

Jioni ile ile, baada ya alasiri, nikaenda kisima cha mashambani. Wenzangu wa makumbi wapo kwenye foleni, Bi Kirembo kakalia debe lake. Nikawaambia shida. Sijapata kuchekwa vile maishani.

"Maji ya watoto tukauogeshe mti!"

"Mwenzake alimpikia kunde, huyu anamwogesha. Mke mwenza gani huyo mwenye bahati?"

"Mama Zena kaolewa na ubao jamani, ndiyo maana haposwi!"

Nikawaacha wamalize. Nikasema, "Njooni muuone, kisha mcheke mbele yake." Walikuja sita, Bi Kirembo mbele, si kwa huruma, kwa udadisi. Akaingiza mkono ndani ya dau, akapapasa ukingo wa ubao, akafika kwenye tundu ambalo kamba yake ilikuwa bado imekwama. Mkono ukasimama. Akapapasa tena, polepole, macho kafumba.

"Usumba," akasema.

"Ndiyo."

"Umepondwa vizuri huu. Hauna ganda hata moja." Akazungusha vidole majini kama anayesokota. "Na msokotaji hakuwa na haraka. Kaza, legeza, kaza. Si kama wewe." Wengine wakaja, kila mmoja akaingiza mkono. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Kati yetu hapakuwa na mtu aliyewahi kufikiria kwamba chombo kile kilikuwa na mwanamke wake wa makumbi, mwenye shimo lake pwani hiihii, na mikono inayonuka.

Bi Kirembo akafuta mkono kwenye kanga, akauliza swali ambalo msomi hakuliuliza. "Maji yakitoka humu yanakwenda wapi?"

"Namwaga."

"Unamwaga! Maji matamu yenye chumvi kiduchu tu, unamwaga, na sisi tunasuuza usumba kwa maji ya kuoshea sufuria?" Akanigeukia kama nimemwibia. "Kila mtu debe moja katika zamu yake. Yakitoka kwenye dau ni yetu. Hapo israfu iko wapi?"

Hakukuwa na israfu. Nilikuwa nimekaa na swali lile miezi saba, na jibu lake lilikuwa hatua mbili tu mbele yangu.

Ramadhani ikaingia, na jua la kaskazi limewaka. Walileta maji alfajiri baada ya daku, mstari wa madebe kutoka mashambani mpaka ua wetu, wanapiga porojo mpaka midomo inakauka, kisha wanakumbuka funga. Kichupa kikaisha wiki ya kwanza. Bwana Lukindo akaandika Dar kuomba kingine, jibu halikuja. Nikamwambia, "Ulimi wangu upo." Hakuamini. Akapanga bilauri tano, akatia chumvi ya kupikia kwa vipimo vyake mwenyewe, nyingine punje tu, akazichanganya. Nikazipanga sawasawa kwa kuonja, kutoka isiyo nayo mpaka yenye nyingi. Alizichanganya mara tatu na mara tatu nikazipanga. Wajukuu zangu hawaamini habari hii, lakini mboga ikizidi chumvi nyumbani kwangu mpishi hukimbia kabla sijafika mezani.

Shida ilikuwa funga. Nikamwendea mwalimu wa chuo, aliyewasomesha wanangu Kurani. Akasikiliza, akakuna ndevu. "Mwanamke mwenye mume mkali ameruhusiwa kuonja mchuzi kwa ncha ya ulimi, kisha ateme," akasema. "Huo ubao wako ni mkali?"

"Mwalimu, umeshanigombanisha na nusu ya mji."

"Basi onja, uteme. Na usimeze, hata kama utakuwa mtamu."

Nikaonja kila siku ya tatu, kabla ya kuyatoa maji. Nilitia kidole, ncha ya ulimi, nikatema. Mara ya kwanza yalikuwa kama machozi. Kisha kama jasho. Kisha kama mdomo wa mtoto aliyelala. Karibu na mwisho nikawa naonja maji ya dau na maji ya debe jipya, moja baada ya jingine, na Bwana Lukindo amesimama juu yangu. Siku moja katika kumi la mwisho la Ramadhani nilionja mara nne. Nikamwambia, "Siwezi kuyatenganisha."

"Una uhakika?"

"Bwana, mimi sina uhakika na kitu chochote tena. Ila siwezi kuyatenganisha."

Bwana mkubwa alikuja siku ya nne baada ya Idi, na kichupa kipya mfukoni. Nilikuwa nimesimama na ufagio, nafagia mahali pamoja tu. Akachota maji ya dau, akadondosha. Ukatokea ukungu mdogo, kama pumzi kwenye kioo. Akakunja uso. "Bado ipo."

Bwana Lukindo akamsogezea bilauri ya pili. Maji ya kisima kitamu, hayajagusa mti. Bwana mkubwa akadondosha. Ukungu uleule, haupungui wala hauzidi. Akazinyanyua zote mbili juani, akazitazama kwa muda, akaziweka chini.

"Kwa hiyo haya ni maji yenu tu," akasema.

"Ndiyo, bwana. Ni sisi wenyewe."

"Nani alikuwa anapima, dawa ikiwa imekwisha?"

Bwana Lukindo akaninyooshea mkono. Bwana mkubwa akanitazama pamoja na ufagio wangu, akasema, "Ulimi?" Nikautoa nimwonyeshe. Mzee Hamadi ndiye aliyecheka wa kwanza, safari hii hakuhitaji kusikia.

Nta iliagizwa. Ilichukua muda wake, na kuiingiza kulichukua zaidi ya mwaka, na kuukausha ubao chini ya magunia, siku moja tunafunua kidogo, siku nyingine tunafunika, kulichukua mwingine. Nimeukalisha ndani kuliko nilivyokalishwa mimi kwa wanangu wote watatu. Siku tuliyofunua gunia la mwisho ulikuwa mzima, haukujikunja hata upana wa ukucha, na kipande cha kamba kipo ndani ya tundu lake.

Miaka iliyofuata mnaijua zaidi kwa vitabu vyenu. Mitungi, vigae vya sahani za Uchina, nanga iliyovaa matumbawe mpaka ikafanana na mbuzi. Wapiga baruti tulipambana nao sana. Mlipuko mmoja karibu na mkondo na chombo kilicholala kingekuwa vumbi, na samaki pamoja nacho. Hapo pia walinzi wetu wa kwanza walikuwa wanawake wa makumbi, maana wao ndio wapo pwani kila maji yakipwa, na Bi Kirembo hakuogopa mtu mwenye baruti, mtu mwenye baruti ndiye aliyemwogopa. Wote wawili, yeye na Mzee Hamadi, wametangulia. Mungu awarehemu. Bwana Lukindo alihamishwa. Kila Idi huleta salamu, na kila salamu ina mstari mmoja: "Umepima kisima?"

Kitu kimoja nilikificha miaka yote hii. Siku ile alipokaa kwenye majivu, alichukua vipande vyote vya ubao wa kwanza. Kimoja hakukiona, kilikuwa chini ya chungu, ncha moja imeungua. Nilikihifadhi sandukuni, ndani ya kanga. Sikuwa najivunia, lakini sikuweza kukitupa, na kukipeleka ofisini niliona haya.

Leo nimekileta, kimefungwa pamoja na karatasi hizi. Msikitie nta, hakitapona. Msikiweke kabatini pia. Kiwekeni kwenye droo ya meza ya mbele, na akija mfanyakazi mpya, wa kufagia au wa shahada, mpeni akishike kwanza, anuse kunde zangu. Kisha mchukueni kwa miguu mpaka kisima cha mashambani, aone umbali wake. Ndoo mpeni akisharudi.